"JIAJIRINI!" KWA MTAJI WA NANI?

WAKUBWA wana wimbo mmoja ambao hawauchoki. Kiwanda kikifungwa, wanaimba: "Jiajirini!" Shirika likipewa mgeni na wafanyakazi wakapigwa panga, wanaimba: "Jiajirini!" Kijana akimaliza chuo na vyeti vyake mkononi, wanamwimbia ule ule. Muulize anayeimba kama amewahi kujiajiri hata kwa wiki moja. Tangu ujana wake anakula mshahara wa serikali, gari la serikali na mafuta ya serikali, halafu anasimama jukwaani kukufundisha wewe kuuza karanga!

Leo nasema na vijana wenzangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Katonga na Kibirizi, hasa wewe uliyerudi nyumbani na begi moja na barua ya kuachishwa kazi. Sikubembelezi. Biashara ndogo inawezekana, na mimi mwenyewe naishi nayo. Lakini nakataa kabisa uongo kwamba ukishindwa kosa ni lako peke yako, na ukifanikiwa sifa ni za waliokutupa nje.

MWISHO WA RELI

Wanatuita watu wa mwisho wa reli. Sawa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Ujiji ilikuwa mji wa biashara kabla ya hapo. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko, mitumbwi na watu wanaofanya biashara na ng'ambo ya ziwa. Babu zetu hawakuwa na mwajiri. Ajira ililetwa na reli, bandari na meli, na sisi tukaizoea mpaka tukadhani bila mshahara mtu si mtu.

Kisha waliotuzoesha wakaivuruga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na waliokuwa wafanyakazi wake, wa reli na bandari wakiwemo, walikuwa bado wanadai haki zao mwaka 2005. Miaka 28! Wangapi walizikwa na madai yao? Mwaka 2007 reli ikakabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India, mkataba wa miaka 25. Haukufika popote, kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imeirudisha mikononi mwake. Katika vurugu zote hizo, ni kigogo gani alirudi kwao na begi moja?

SHERIA WASIYOKUSOMEA

Wakati wanaimba "jiajirini", kuna karatasi hawakusomei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri anayepunguza watu lazima awape taarifa mapema na kushauriana nao. Aliyepunguzwa baada ya kufanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Kama uliajiriwa Kigoma ukapelekwa kazini Dar es Salaam, nauli ya kurudi nayo ni haki yako.

Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Uende lini? Ndani ya siku 30! Wengi wetu siku hizo 30 tunazimalizia kijiweni tukimtukana bosi. Siku ya 31 bosi anacheka. Na kama ulichangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miezi 18 au zaidi, uliza fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Haitoshi, hilo najua. Lakini ni jasho lako, na mtaji wa kwanza wa mtu aliyeachishwa kazi ni kile anachodai.

SHANGAZI NA DAGAA

Mimi niliachishwa na kampuni moja Dar es Salaam. Jina lake nalisitiri. Nilipanda treni, nikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 nikiwa nimeuficha uso wangu, na fedha yangu ya mwisho ikiwa ndani ya soksi. Nilipofika, nikaona mimi ni mjanja wa mjini. Nikanunua dagaa kwa fedha yote siku moja, nikaanika mchangani. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Dagaa wakanuka, majirani wakafunga madirisha.

Nikaenda kwa shangazi yangu Katonga, ambaye amesomesha watoto kwa dagaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia harufu yako kabla hujafika."

"Shangazi, hii biashara ina mkosi."

"Mkosi hauna. Umeanika mwezi wa mvua, umeanika chini, na umeweka fedha yote kwenye beseni moja. Hiyo hata ungekuwa na baraka za mji mzima ingeoza tu."

Kisha akanifundisha bure mambo ambayo semina za wakubwa hazikunifundisha.

La kwanza ni giza na mbalamwezi. Mvuvi wa dagaa huwavuta kwa taa, kwa hiyo anahitaji usiku wa giza. Siku za giza dagaa ni wengi na bei inashuka. Mwezi ukipevuka taa haina kazi, boti zinapumzika, bei inapanda. Nunua gizani, kausha vizuri, tunza, uza kwenye mbalamwezi. Anayenunua na kuuza siku ile ile pamoja na watu wote anafanya mazoezi ya viungo tu.

La pili ni chanja. Dagaa aliyeanikwa juu ya chanja ya miti na wavu hana mchanga, anapata hewa chini na juu, na mvua ikitishia unamfunika kwa turubai. Mteja wa Dar es Salaam anamjua dagaa wa Kigoma na yuko tayari kulipa, lakini halipii mchanga wa Kibirizi.

La tatu ni kugawa fedha. Tuseme una shilingi 100,000. Usinunue dagaa wa 100,000. Nunua wa 50,000, weka 20,000 ya nauli, magunia na ushuru, na 30,000 usiiguse. Hiyo ndiyo itakayokuinua mzigo wa kwanza ukiharibika. Na utaharibika!

La nne ni daftari. Andika ulichonunua, ulichouza na ulichokula. Hasa ulichokula. Daftari hilo ndilo pia litakalokutetea siku mtu wa kodi akija. Kwa sheria, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Bila daftari, utamthibitishia nani?

Hapa nimesikia mcheko kutoka kijiweni: "Mwanamume mzima kuanika dagaa? Hiyo kazi ya akina mama!" Ndugu yangu, akina mama hao ndio wanaokulisha wewe unayecheka. Ushujaa wa kukaa na njaa kwa ajili ya kulinda jina ni ushujaa wa kijinga. Kama dagaa humtaki, kuna mawese na sabuni ya mawese, kuna kuchoma migebuka, kuna kushona viatu. Kanuni ni zile zile nne.

UKIANZA TU, WANAKUJA

Sasa turudi kwa waimbaji wetu. Wewe umetii, umejiajiri. Je, wanakuacha ufanye kazi?

Mwaka 1983 walikuja na Nguvu Kazi. Kijana asiye na ajira mjini akaitwa mzururaji, akakamatwa, akapelekwa kijijini asikokujua, hata kama alikuwa na meza yake ya karanga. Desemba 2018 wakasema machinga ni ndugu zao, wakawapa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Oktoba 2021 machinga wale wale wakaondolewa barabarani katika miji mikubwa, na vibanda vyao vikavunjwa. Leo ruksa, kesho marufuku! Mfanyabiashara gani anaweza kupanga mwaka mmoja mbele katika nchi ya namna hiyo?

Tazama ziwa letu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Sababu ilikuwa samaki wazaliane. Sina ugomvi na samaki kuzaliana. Ziwa likifa na sisi tumekufa. Swali langu ni jepesi: mbeba kreti wa Kibirizi ale nini miezi mitatu? Mwanikaji wa Katonga, muuza chai wa mwaloni, fundi wa boti? Mshahara wa aliyetia saini haukusimama hata siku moja. Kama kweli ni dhabihu ya wote, mbona kondoo ni mmoja?

Tazama tena ile asilimia 10. Sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima baada ya hesabu kuonyesha madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Wahuni walikula, wasafi wakafungiwa mlango mpaka mwaka 2024. Sasa mlango uko wazi. Undeni kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwulizeni kwa heshima: asilimia 4 ya vijana ni shilingi ngapi mwaka huu, na nani kapewa? Akikasirika, mjue mmeuliza swali zuri.

PAKA MASHINE GRISI

Kila mtoto wa Kigoma anaijua Liemba. Wajerumani waliiunganisha hapa hapa na kuiingiza majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vikiwabana, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi.

Umezamishwa, kijana. Usijidanganye kwamba unaogelea. Lakini chini ya maji hayo kuna anayepakwa grisi na kuna anayeachiwa kutu. Grisi yako ni daftari, chanja, ile 30,000 usiyoigusa, na wenzako wa kikundi. Kutu ni kijiwe cha kuanzia asubuhi mpaka jioni, ni kumngoja mkubwa akumbuke jina lako.

Kwa hiyo tumia mikono yote miwili. Kwa mmoja shika mzani uuze dagaa. Kwa mwingine shika karatasi ya madai yako, na siku ya kura shika kalamu. Wakubwa wanafurahi sana ukiuacha mkono mmoja ulale. Msiwape furaha hiyo!