BUSTANI YA NYUMBANI: Mshubiri Huuawa na Maji

Watu wengi wa mjini hawana shamba, lakini wana dirisha. Na penye dirisha mshubiri waweza kukaa. Hata hivyo mishubiri mingi ya ndani hufa, na mwenyewe hushangaa akisema, "Nami niliutia maji kila siku!" Hayo maji ya kila siku ndiyo yaliyouua.

Msomaji afahamu kwamba mshubiri ni mmea wa nchi kavu. Jani lake nene ndilo mtungi wake, nao huweka akiba humo. Tena vitundu vya majani yake hufunguka usiku kuvuta hewa, na mchana wa jua kali hufungwa ili maji yasipotee. Mmea wenye akiba namna hii haupaswi kutunzwa kama sukumawiki. Mizizi yake ikikaa topeni hukosa hewa, ikaoza.

Basi yafaa kufanya hivi. Kwanza, toboa mkebe matundu chini, na maji yakituama katika sahani uyamwage. Pili, changanya udongo na mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, nusu kwa nusu. Tatu, kabla ya kutia maji, ingiza kidole udongoni kiasi cha sentimita 5. Ukiona unyevu, ngoja. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, huko Nairobi na Limuru, ngoja zaidi. Nne, uweke karibu na dirisha lenye mwanga.

Jani lenyewe hutoa habari. Likikonda na kukunjamana, lina kiu. Likilegea na kugeuka manjano, huenda maji yamezidi. Mmea ukirefuka na kupauka, wataka mwanga. Mizizi ikioza, ung'oe mmea, ukate palipooza kwa kisu safi, uuache kivulini siku chache hata kidonda kikauke. Kisha upande katika udongo mkavu, wala usitie maji kabla ya juma moja kupita.

Mwisho, usiende porini kung'oa mishubiri. Mwaka 1986 Serikali ya Kenya ilikataza kuvuna mishubiri ya mwitu, ili isije ikamalizwa. Mshubiri wa nyumbani huzaa wana ubavuni mwake. Mwombe jirani mmoja, na wako ukizaa, mpe mwingine.