Subira kwa Raia, Mashua kwa Wakubwa



Neno "vumilieni" tumelisikia sana. Tuangalie kazi lililofanya Malaya, inchi ya bati na mpira iliyotawaliwa na Waingereza.

Tarehe 8 Desemba 1941 askari wa Japani walishuka Kota Bharu. Siku ileile wakubwa wa vita wa Waingereza walitangaza kwamba wako tayari. Kwa raia, Wamalay, Wachina, Wahindi, waliomba subira, uvumilivu na utulivu.

Tarehe 11 ndege zilipiga mji wa Penang. Watu walisimama barabarani kuzitazama, na wengi sana walikufa. Usiku wa tarehe 16 Wazungu, karibu wote, waliondolewa kwa siri. Wenyeji hawakuambiwa neno. Ikawa mwandishi wa gazeti, M. Saravanamuttu, ndiye aliyeshusha bendera ya Waingereza, na wenyeji wenyewe wakaunda kamati ya kuangalia mji. Tarehe 19 Wajapani waliingia. Baadaye gavana aliagiza kwamba watu wakiondolewa tena, rangi isitazamwe. Agizo jema, lakini mashua zilikuwa zimekwisha kwenda.

Na hapa kwetu? Tarehe 9 ya Desemba ileile, Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi. Malaya ilipopotea, bati na mpira wa Kongo vikatakiwa zaidi, na mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Kule subira, huku subira. Mzigo ni wa yuleyule.

Ndugu, hatusemi utulivu ni mbaya. Fujo huua watu kama bomu. Lakini serikali inayoomba utulivu ina deni: iseme kweli mapema, ionyeshe watu mahali pa kujificha, igawe chakula, na nafasi ya mashua isipimwe kwa ngozi wala kwa cheo.

Malaya ilipata uhuru mwaka 1957, sisi mwaka 1960. Kipimo hiki kisitupwe pamoja na bendera za zamani. Mkubwa mweusi naye apimwe nacho. Tangazo likibandikwa ukutani, tulisome lote, kisha tuulize: aliyeliandika, watoto wake wanalala wapi usiku huu?