Maji ya Mvua Yaenda Wapi?



Kila mwalimu wa shule ya msingi anayewatoa watoto darasani anajua yanayofuata jioni. Baba akirudi kazini humwuliza mwanawe: «Leo mmesoma nini?» Mtoto hujibu kwa furaha: «Baba, leo tulikwenda kutazama mfereji.» Baba hushtuka: «Mfereji? Mimi nahangaika kutafuta pesa za madaftari, nanyi mwakwenda kutazama mfereji?» Mama naye hutazama viatu vyenye matope na daftari lenye mistari michache, akatikisa kichwa. Kesho yake habari humfikia mkurugenzi wa shule kwamba mwalimu wa darasa la nne hafundishi, ila anatembeza watoto tu.

Nataka leo tulizungumze jambo hili pasipo hasira. Wazazi wanaolalamika wana haki yao, kwa maana kutembea bila kusudi ni kupoteza siku ya mtoto. Lakini matembezi yaliyotayarishwa vema ni somo kamili, na katika mji wetu wa Bukavu, uliojengwa juu ya vilima vikali, somo la namna hiyo laweza kuokoa nyumba ya mtu.

Fikirini mtoto aliyekariri maneno haya: «Mmomonyoko ni udongo kuchukuliwa na maji au upepo.» Katika mtihani aandika vizuri, apata maksi zote. Jumamosi mama yake amtuma kusafisha nyuma ya jiko, naye ang'oa majani yote yaliyoshika ukingo wa kilima, ili pawe peupe na pazuri. Mvua ya Novemba yaja, ukingo waanguka. Maneno yalikuwa katika kichwa chake, lakini jambo lenyewe hakulijua, kwa sababu hakuna siku aliyoliona kwa macho na kulishika kwa mikono.

Ubelgiji alikuwako mganga mmoja, Ovide Decroly, aliyezaliwa mwaka 1871 na kufariki mwaka 1932. Mwaka 1907 alifungua shule mjini Brussels, akataka watoto wajifunze kutoka katika maisha yenyewe. Njia yake ilikuwa na hatua tatu: kwanza mtoto atazame na kupima, kisha aunganishe alichokiona na mambo ya mbali na ya zamani, mwisho aeleze kwa maneno, kwa maandishi, kwa picha au kwa kazi ya mikono. Njia hiyo yafaa hata kwa shule isiyo na kitu. Mwaliko wangu leo ni kwamba tuitumie kwa kujibu swali moja: maji ya mvua yaendako ni wapi?

Somo la kwanza halitoki nje ya uwanja wa shule. Watoto wachukue kopo lililonyooka, lenye upana mmoja juu hata chini, waliweke mahali pa wazi wakati wa mvua. Mvua ikiisha, wapime kwa rula kina cha maji. Milimita 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1 kamili. Basi tuseme paa la shule lafunika mahali penye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8. Hizo ni meta mraba 160. Mvua ya milimita 30 italiangushia paa hilo lita 4,800. Ni bidoni ngapi za lita 20? Ni bidoni 240.

Sasa mwulizeni mtoto anayepanda kilima kila asubuhi na bidoni moja kichwani. Yeye hahitaji kuelezwa uzito wa bidoni. Shingo yake yaujua. Akisikia kwamba bidoni 240 zimeteremka kutoka katika paa moja, kwa mvua moja, ataanza kufahamu nguvu iliyoko katika maji yanayopita nyuma ya nyumba yao. Naye akumbuke kwamba Bukavu hupata zaidi ya milimita 1,300 za mvua kwa mwaka.

Somo la pili ni la masanduku mawili ya ubao, yaliyo sawa kwa ukubwa. Jazeni udongo uleule katika yote mawili, mwushindilie sawasawa. Katika moja pandeni majani, na kungojea majuma machache mpaka mizizi ishike. La pili liacheni tupu. Siku ya somo, inueni mwisho mmoja wa kila sanduku juu ya tofali, ili yawe na mteremko mmoja. Toboeni kopo kwa msumari mwembamba, mmwagie kila sanduku lita 1 ya maji kwa utaratibu uleule, na kuyakinga maji yanayotoka kwa beseni.

Kabla ya kumwaga, kila mtoto aandike anachofikiri kitatokea. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyeandika wazo lake atatazama kwa makini, maana ataka kujua kama alisema kweli. Kisha maji yamwagwe. Katika beseni moja yataonekana maji mekundu mazito; katika jingine, maji yaliyo meupe zaidi, tena machache zaidi. Acheni mabeseni hadi kesho, matope yatulie chini, watoto wayapime kwa rula. Mwalimu asitoe fundisho upesi. Awaache watoto waseme wenyewe.

Ndipo tuje kwenye somo la tatu, yaani matembezi. Siku moja baada ya mvua, jua likiwaka, darasa lifuate njia ya maji kutoka ukuta wa shule. Wataona maji yalipochimba njia, mizizi ya miti iliyobaki wazi, ngazi za nyumba zilizoning'inia bila udongo chini yake. Wapime upana na kina cha korongo kwa kamba yenye mafundo ya kila sentimeta 10. Baada ya mwezi warudi mahali palepale na kamba ileile. Tofauti ya vipimo viwili itawafundisha kuliko hotuba ndefu. Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mtoto auona ufa wenyewe, tena aweza kutaja umekua sentimeta ngapi.

Haya si mambo madogo kwetu. Katika komini ya Kadutu, mtaa wa Funu umejengwa juu ya mteremko ambao ardhi yake yatelemka polepole mwaka kwa mwaka, wataalamu wameupima. Mwendo wa ardhi wa kina kirefu kama huo majani hayawezi kuuzuia, na mwalimu asiwadanganye watoto kwamba yaweza. Lakini mtoto aliyezoea kutazama atajua nyufa mpya ukutani zina maana gani, wala hatanyamaza akiziona.

Katika mfereji huohuo watoto watakuta chupa za plastiki. Wasimame mahali pa salama, wahesabu chupa zinazopita kwa dakika 10. Tuseme wameona 12. Kwa saa 1 zitakuwa 72, na kwa saa 5 zitakuwa 360, katika mfereji mmoja tu. Kisha mwalimu aulize: zaenda wapi?

Hapo ndipo hatua ya pili ya Decroly, ya kuunganisha. Mifereji yetu mingi huingia Ziwa Kivu, lililo karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, nao uko hapa kwetu: mto Ruzizi. Mto huo huteremka karibu meta 700 mpaka Ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji hupita Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, hufuata mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Mtoto wa Bukavu aliyedhani jiografia ni majina ya kukariri ataona kwamba safari hiyo yaanzia chini ya paa la shule yake.

Lakini chupa haifiki mbali hivyo bila kuleta hasara. Karibu na mahali Ruzizi itokapo ziwani pana bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka hii takataka za plastiki zimekusanyika mbele ya bwawa hilo na kuzuia mitambo, umeme ukakatika mjini. Basi mtoto anayeandika kazi yake kwa mwanga wa mshumaa ajue kwamba pengine chupa iliyotupwa mtaani kwake ni mojawapo ya zilizomzimia taa. Haba na haba hujaza kibaba, katika mema na katika mabaya.

Hatua ya tatu ni kueleza. Darasa lirudipo, watoto wachore ramani ya njia waliyopita, waandike habari yake, wafanye hesabu, kisha watende jambo. Wapande majani na miti kwenye ukingo wa shule, wachimbe mtaro wa kukatisha mteremko, wawaandikie wazazi barua ya kueleza walichoona. Lugha, hesabu, jiografia, sayansi na uraia vimekutana katika kazi moja. Ndiyo sababu simwogopi anayeniuliza juu ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mtoto aliyekwisha kuhesabu bidoni 240 kwa haja ya kweli hatashindwa na hesabu ya eneo na ujazo.

Walimu wenzangu wataniambia: «Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Twawezaje kutoka na watoto 70?» Shida hiyo ni ya kweli. Basi tugawe darasa katika makundi ya watoto kumi, kila kundi na mkubwa wake na kazi yake: hawa wapime, hawa wahesabu, hawa wachore. Tuombe wazazi wawili au watatu watusindikize. Mzazi aliyetembea nasi mara moja hatasema tena kwamba twacheza. Na kama kutoka haiwezekani, somo la kopo na somo la masanduku yatosha.

Tena tuwe na busara. Mwalimu apite njia hiyo peke yake kwanza. Mkurugenzi apewe habari, na wazazi waandikiwe. Watoto wasikaribie mfereji wakati wa mvua, wasiingie ziwani, wasiokote takataka kwa mikono mitupu. Kutoka Bukavu watu walizoea kwenda kutazama sokwe wakubwa wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, au kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanza katika miaka ya 1940. Lakini vita vimezifanya njia nyingi kuwa za mashaka, hasa tangu M23 walipouingia mji mwezi wa Februari 2025. Hakuna somo linalostahili kumtia mtoto hatarini. Matembezi mazuri ni yale ya meta 300 kutoka lango la shule, mtaani ambamo kila mtu awafahamu watoto.

Neno moja zaidi. Watu wengi tulipokuwa shuleni tuliijua kazi ya mikono kama adhabu: aliyechelewa alilima, aliyeongea alifyeka. Mwaka 1967, huko Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi wapange kazi yao na kuona matokeo ya uamuzi wao. Mahali pengi jembe likabaki, mafunzo yakasahauliwa. Tujihadhari. Kazi ambayo mtoto hajui kusudi lake, wala haandiki juu yake, si somo. Na shamba la mwalimu si darasa.

Nanyi wazazi wapenzi, msaada ninaouomba kwenu hauna gharama. Mtoto akirudi na matope viatuni, msimwulize kwanza daftari lina kurasa ngapi. Mwulizeni: «Umeona nini? Umepima nini? Unafikiri ni kwa sababu gani?» Akijibu sawasawa, mwalimu amefanya kazi yake. Akishindwa kujibu, njoni shuleni mtuambie, nasi tutawasikiliza. Na kama atawaomba msing'oe majani yaliyo nyuma ya jiko, msimcheke. Tokeni naye nje, awaonyeshe ukingo, awaeleze alichokiona katika beseni lake.