Ndoa ya Kuvuka Mto Yataka Hati

Mto Rusizi wagawa nchi mbili, haugawi ukoo. Uchumba kati ya Kamembe na Bukavu si jambo geni wala si kosa. Kosa ni kudhani kwamba mahari na karamu vyatosha.

Katiba ya Rwanda yatambua ndoa ya serikali tu, ya mume mmoja na mke mmoja. Ndoa ya namna hiyo iliyofungwa ng'ambo kwa sheria za huko nayo yatambuliwa. Kwa hiyo mgeni hana budi kuleta hati ya kuzaliwa na hati ya kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine. Tangu tarehe 5 Juni 2024, Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 ulipoanza kutumika Rwanda, hati za nchi wanachama zatosha kwa muhuri mmoja.

Ndugu askari na polisi, jambo hili lawahusu hasa. Mwenzenu akifariki kazini, mjane asiye na cheti hatambuliwi kisheria kuwa mke, hata kama kijiji kizima kilishuhudia arusi. Anayedai hati za wengine darajani na awe wa kwanza kukamilisha zake.