Tusiipe Chai Kazi ya Dawa

Siku za gulio hapa Kiloleli, miongoni mwa wauza nguo, dagaa na majembe, sasa hukosi kumkuta mtu mwenye kipaza sauti akinadi pakiti za chai. Hudai kwamba chai hiyo husafisha damu, huamsha kongosho na kumwondolea mgonjwa wa kisukari haja ya kumeza vidonge. Wananchi husikiliza, na wengi hununua. Tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa linahusu uhai wa watu, na kwa kuwa katika maneno ya muuzaji huyo ukweli na uongo vimechanganyika kama mchele na changarawe.

Mwaka uliopita tulimtembelea mzee mmoja, mkulima wa pamba, aliyekuwa na kisukari kwa miaka kadhaa. Alikuwa ameacha vidonge kwa miezi mitatu akinywa chai ya pakiti asubuhi na jioni. Alijiona mzima, hadi kidonda kidogo cha mguuni kilipokataa kupona. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umekwisha kuoza, nao ukakatwa chini ya goti. Mzee yule si mjinga. Aliambiwa nusu ya ukweli na mtu ajuaye kusema, ilhali sisi tuliopaswa kumweleza nusu iliyobaki tulikuwa kimya.

Yafaa tuanze na ile nusu iliyo kweli. Jani la chai, liwe la Mufindi, Njombe, Rungwe au Usambara, lina viini vya asili viitwavyo polifenoli. Katika chai ya kijani vilivyo vingi ni katekini. Katika chai nyeusi tuizoeayo, jani husagwa na kuachwa lipigwe na hewa kiwandani, na sehemu kubwa ya katekini hizo hugeuka kuwa theaflavini na viini vingine viipavyo chai rangi na ukali wake. Wataalamu wameona katika maabara kwamba viini hivyo huweza kuzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga tumboni, hata sukari ikaingia katika damu polepole zaidi. Aidha, mwaka 2022 watafiti wa China walikusanya matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 1 katika nchi 8, wakakuta kwamba wanywao vikombe 4 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili, kwa asilimia 17, katika muda wa miaka 10.

Hayo ni mambo ya kutia moyo, wala hatuna sababu ya kuyadharau. Lakini kuona ya kuwa wanywaji wa chai huugua kidogo si sawa na kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowakinga, kwani huenda watu hao pia hula vyema au hutembea zaidi. Tena utafiti huo ulihusu kujikinga. Haukuhusu kumtibu aliyekwisha kuugua. Majaribio ya chai ya kijani kwa binadamu hayakulingana: mengine yameonyesha sukari ya asubuhi ikishuka kwa kiasi kidogo, mengine hayakuona tofauti. Na kiini kilicho chema ndani ya kikombe chaweza kudhuru kikizidishwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba vidonge vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku huweza kuleta dalili za madhara ya ini.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni dharau kwa miti ya asili. Sivyo hata kidogo. Metformini, kidonge kitolewacho kwanza kwa wagonjwa wengi wa kisukari duniani, asili yake inatokana na mmea wa Ulaya uitwao galega. Kondoo wakiula kwa wingi malishoni huwadhuru hata kuwaua. Wanakemia walichunguza kiini chake, wakatengeneza kinachofanana nacho kisicho na sumu ile, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa. Tofauti ya mmea na dawa ni kipimo: kujua ni kiini gani, kiasi gani, kwa nani, na kwa madhara gani. Pakiti ya gulioni haina hata moja kati ya hayo.

Taifa letu limekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliofariki wakiwa katika foleni, na wapo walioacha dawa zao za kisukari na za UKIMWI kwa imani kwamba wamepona. Hatuwatukani waliokwenda. Tunauliza tu: kama kikombe kile kilitufundisha jambo, mbona kikombe kingine kinatuhadaa leo?

Na hapa tuseme lile ambalo muuzaji hatalisema kamwe. Hatari kubwa katika kikombe chetu ni sukari tunayoitia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo 6 hivi. Sisi humtilia mgeni vijiko 3 au 4 vilivyojaa, na tukimpa chai isiyo tamu tunahofia ataona tumemnyima. Vikombe viwili vya asubuhi, pamoja na maandazi au viazi, vimekwisha kumaliza kipimo cha siku nzima. Hakuna polifenoli iwezayo kuufuta mzigo huo.

Mzigo wenyewe unakua. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari chini ya mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 9 katika kila 100. Hata tukikumbuka kwamba umri wa waliopimwa haukuwa sawa, hakuna awezaye kuuita ugonjwa huu tena ugonjwa wa wakubwa wa mjini.

Nini basi kifanyike? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Haikuhitaji fedha nyingi kama ilivyohitaji viongozi walioketi pamoja na watu. Mabalozi wa mashina bado wapo. Serikali za vijiji zipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ipo, pamoja na Baraza lake. Kwa hiyo kila anadiye dawa gulioni aulizwe usajili wake kabla hajafungua kipaza sauti.

Lakini tusimfukuze muuzaji na kumwachia mgonjwa mikono mitupu. Watu humkimbilia mwenye pakiti kwa sababu yupo, na kwa sababu mara nyingi zahanati ina kipimo cha sukari lakini haina vijiti vyake, au vidonge vimekwisha tangu mwezi uliopita. Sisi makada tusione haya kulisema hilo katika vikao vyetu, maana mzee aliyepoteza mguu alipita kwanza mlangoni petu.

Chai tuendelee kunywa, bila sukari au kwa sukari kidogo, kwa kuwa ni kinywaji chema na ni jasho la wakulima wenzetu. Aliyeandikiwa dawa na asiiache pasipo neno la mganga wa zahanati au daktari. Na kikao kijacho cha maendeleo ya kata kianze kwa swali moja: vijiti vya kupimia sukari vipo vingapi?