Safari ya Karera na Mama Mkwe

Wapenzi wasomaji, juma hili naomba tuliache jiko kidogo, tuzungumze juu ya matembezi ya familia. Likizo ya kiangazi imefika, watoto wako nyumbani kutwa nzima, na swali la kila mwaka limerudi: tuwapeleke wapi? Nitawasimulia safari yetu ya mwaka jana, kwa kuwa ndani yake mna kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na huenda likamfaa mwingine.

Kwetu hapa Rumonge jambo lilianzia kwenye picha. Mtoto wetu wa pili alileta nyumbani kalenda ya zamani yenye picha ya maporomoko ya Chamarel, katika kisiwa cha Mauritius kilichomo Bahari ya Hindi. Maji meupe yanashuka baina ya miti ya kijani, na chini yake limetulia ziwa dogo. Akauliza, "Mama, kufika huko ni nauli kiasi gani?" Baba yao akacheka, akasema kwamba nauli hiyo ingemeza mishahara yetu sote wawili, na bado tungeshukia njiani.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ofisi ya serikali, na tabia ya ualimu haimtoki mtu upesi. Nilitandika ramani mezani, nikawaonyesha watoto kwamba nchi yetu haina bahari wala kisiwa cha bahari, lakini maporomoko inayo. Kusini ya mji wa Rutana yapo maporomoko ya Karera. Siku hizi Rumonge na Rutana zimo katika mkoa mmoja wa Burunga, tangu mikoa ilipopunguzwa mwaka 2025 ikawa mitano. Kwa hiyo twaweza kusema kuwa maporomoko hayo ni ya nyumbani. Mto Karera huanguka kwa matawi sita yaliyo katika daraja tatu, na tawi lililo kubwa kuliko yote hushuka kadiri ya mita 80. Eneo lake ni hekta 142. Mwaka 2007 serikali yetu iliyaandikisha UNESCO, pamoja na Ufa wa Nyakazu, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Watoto waliposikia hayo, Mauritius ikasahauliwa.

Kila mwenye nyumba anajua kwamba safari huanza kwa hesabu. Petroli ni ya kutafuta, na kukodi gari peke yenu ni mzigo. Tulishirikiana na familia mbili za jirani, tukakodi basi dogo moja, kila nyumba ikatoa fungu lake. Nilichukua karatasi nikaandika majina ya watu wetu: baba, mimi, watoto wanne, na mtoto wa rafiki yangu mmoja niliyemwahidi nafasi iliyobaki. Jina la mama mkwe sikuliandika. Magoti yake yanamsumbua, njia ya maporomoko ni ya mteremko, na mimi niliona kwamba ninamhurumia. Sikumwuliza.

Jioni ya siku ya tatu kabla ya safari nilimkuta ukumbini anachambua maharage. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, nasikia mnakwenda Karera."

"Ndiyo, Mama. Tunawapeleka watoto wakatazame maji."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi ni mtoto wa huko."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekaa na mama huyu miaka tisa. Nilijua kwamba asili yake ni Rutana, lakini Rutana ni kubwa, wala sikupata kumwuliza ni kilima gani. Siku hiyo ndipo aliponisimulia. Nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na mto Karera kiasi cha kuisikia sauti ya maji usiku. Mwaka 1972, mwaka ule wa msiba, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Yeye, mama yake na wadogo zake walishuka hadi uwanda wa Kumoso, wakavuka mto Malagarasi usiku, wakaingia Tanzania. Alikulia katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Huko aliolewa na mtu wa Rumonge, huko aliwazaa watoto wake, akiwamo mume wangu. Mwaka 2008, wakimbizi wa mwaka 1972 waliotaka kurudi waliporudishwa, alirudi pamoja na mumewe hapa kwenye mwambao, katika ardhi ya wakwe zake. Rutana hakupanda tena. "Nani angenipokea?" alisema. "Niliowaacha hawapo."

Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Gari hilo lina nafasi ya mtu mmoja?"

Gari lilikuwa limejaa. Asubuhi yake nilikwenda kwa rafiki yangu niliyemwahidi nafasi, nikamweleza jambo lenyewe nikiwa nimeinamisha kichwa. Mtoto wake alikuwa amekwisha kufua nguo za safari. Yule mama akanisikiliza, akasema, "Mpeleke mkweo. Wangu atakwenda siku nyingine." Namshukuru hadi leo. Lakini aibu ile nilijitakia mwenyewe. Lau ningalimwuliza mama mkwe kabla ya kuandika majina, mtoto wa watu asingalivunjwa moyo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya kusini hufuata mwambao, ziwa likiwa mkono wa kuume, na wavuvi wa ndagala walikuwa wakirudi na taa zao. Kutoka Nyanza-Lac tulianza kupanda. Michikichi ikabaki chini, hewa ikawa baridi, watoto wakaomba makoti. Tukapita Mabanda, kisha Makamba. Mama mkwe alikaa dirishani, kimya. Tulipokaribia Rutana alianza kutaja majina ya vilima, kimoja baada ya kimoja, kwa sauti ndogo, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi darasani. Baba watoto aligeuka kumtazama mama yake. Hayo majina yeye pia alikuwa hajapata kuyasikia.

Tulilipa kiingilio, tukapewa mwongozaji. Maji ya Karera husikika kabla hayajaonekana. Kwanza ni mvumo ulio mbali, kisha majani ya kando ya njia yanaonekana yamelowa ijapokuwa mvua haijanyesha, na ghafula ukuta wa jiwe unasimama mbele yako, maji yakiuteremka kwa weupe wa pamba. Tawi kubwa lina mwenziwe la kadiri ya mita 50 linaloanguka sambamba nalo. Watoto walipiga kelele za furaha. Mama mkwe alishuka kwa mkongojo, akishikwa mkono na mwanawe, hatua kumi na pumziko, hatua kumi na pumziko. Hakuna aliyechelewa kwa sababu yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa sisi tulioizoea.

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo kila mzazi hulihofia. Nilikuwa nimeinama ninafungua kikapu. Mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka saba, alirukia jiwe jeusi kando ya maji. Mguu ukateleza, akaanguka chali, mguu mmoja ukaingia katika mkondo. Mwongozaji alimdaka mkono kabla maji hayajamvuta. Alipata mchubuko wa goti na kiwiko tu, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi mikono yangu ilitetemeka hata sikuweza kuushika mfuniko.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliwaita watoto wote, wetu na wa jirani, akawakalisha mahali pakavu. Akawaambia: jiwe la kijivu lililokauka ni rafiki, jiwe jeusi linalong'aa ni mwongo, halikanyagwi. Mtu hayapi maji kisogo. Hasimami juu ya ukingo ili kutazama chini. Hutazama akiwa chini. Na maji yakibadilika rangi ghafula, ijapokuwa jua linawaka, mtu hutoka mara moja, maana mvua imenyesha huko juu na mto unakuja na nguvu nyingine. "Haya," alisema, "sisi tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma." Katika gari zima, mtu tuliyetaka kumwacha nyumbani ndiye pekee aliyeujua mto ule.

Baada ya chakula yule aliyeanguka aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Nilifurahi kuulizwa jambo ninalolijua. Nikamweleza kwamba yanateremka hadi Kumoso, yanajiunga na maji ya Malagarasi, na Malagarasi unazunguka nchi ya Tanzania ya magharibi, kisha unamwaga katika Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma. Yaani, baada ya mzunguko wote huo, yanafika katika ziwa lile lile tunalochotea maji sisi wa Rumonge.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza. Akasema, "Basi tumekwenda njia moja, mimi nayo."

Hakuna aliyeongeza neno. Aliomba tumwache kidogo peke yake, akakaa akiyatazama maji, kisha akanawa uso, akasema tuwahi kuondoka kabla jua halijashuka. Nilimwuliza kama angependa tukatafute mahali palipokuwa nyumba ya baba yake. Akajibu, "Siku nyingine, mwanangu, wala si kwa gari la watu." Nilielewa. Mambo mengine hayafanywi mbele ya jirani, hata akiwa jirani mwema.

Wapenzi wasomaji, kwa wale wanaokusudia kwenda Karera au penginepo penye maporomoko, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, chagueni wakati. Majira ya masika maji huwa mengi na ya kutisha, lakini njia ni tope na mawe yanateleza. Mwanzo wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, maji bado yana nguvu, na njia imekwisha kukauka.

Pili, viatu. Kandambili ziacheni nyumbani. Kila mtoto avae kiatu kinachoshika kisigino, na awe na nguo moja ya kubadili pamoja na koti, kwa sababu sisi wa mwambao husahau kwamba milimani kuna baridi.

Tatu, kila mtu mzima apewe watoto wawili wa kuwaangalia, kwa majina. Kusema "tuwaangalie watoto" ni sawa na kutomwambia mtu yeyote. Anayefungua chakula asihesabiwe kuwa mlinzi. Nimelijua hilo kwa gharama ya goti la mwanangu.

Nne, chakula kiwe kisichoharibika upesi wala kuhitaji moto. Sisi tulichukua viazi vitamu vya kuchemsha, ndagala za kukaanga zilizokauka vizuri, karanga, machungwa na chupa mbili za chai. Maji ya kunywa tulitoka nayo nyumbani, yaliyochemshwa. Maji ya mto, hata yakiwa meupe kama maziwa, si ya kunywa. Maganda na mifuko vilirudi nasi ndani ya kikapu. Wala msifulie wala kuogea sabuni pale: wako watu chini wanaoyatumia maji hayo.

Tano, msilazimishe kuona kila kitu kwa siku moja. Sisi Nyakazu, mahali paitwapo pia Ufa wa Wajerumani, panapoutazama uwanda wa Kumoso, tuliuacha kwa safari nyingine. Na ambaye nauli ya Rutana haimudu, asione haya. Sisi wa Rumonge tunayo maji ya moto ya Mugara, karibu na nyumbani. Mtoto hahesabu kilomita. Anahesabu saa alizokaa na wazazi wake.

La mwisho ndilo la kwanza. Kabla ya kuandika majina ya wasafiri, mwulizeni mzee wa nyumba. Yawezekana atasema kwamba amechoka, na hapo mtakuwa mmempa heshima yake. Yawezekana pia kwamba mnapokwenda kutembea ninyi, yeye ndiko alikozaliwa. Wazee wetu wengi hawaombi. Wameishi miaka mingi mahali ambapo kuomba hakukuwa na faida, na wamejifunza kuchambua maharage wakisubiri waulizwe.

Mwaka huu tunaweka akiba kidogo kidogo kwa gari letu wenyewe la siku moja. Majina nimekwisha kuyaandika. La kwanza ni la mama mkwe, na la pili ni la yule mtoto wa rafiki yangu aliyefua nguo zake bure.

Hadi juma lijalo, tutakaporudi jikoni, nawatakia likizo njema.