MIZANI YATAKA MLINZI

Wanafunzi wenzangu, sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuaga shule, na maongezi ya bwenini ni mamoja tu: nani atakwenda Dar es Salaam, na nani atabaki. Neno hilo "kubaki" latamkwa kama habari ya msiba. Mimi sikubali.

Abraham Lincoln, kabla ya kuwa Rais wa Marekani mwaka 1861, alikuwa wakili katika mji mdogo wa Springfield tangu 1837. Alizunguka mahakama za wilaya akishughulikia kesi za madeni na za mashamba. Humo ndimo alimowajua watu.

Lakini tusivuke bahari kutafuta mfano. Marehemu Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, hakuwa wakili. Alipata kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, huku kwetu Shinyanga, kisha akaingia katika ushirika wa wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza. Siku hizo wakulima wa pamba walilalamika kuwa mizani ya wanunuzi yawapunja. Yeye na wenzake walikwenda vijijini wakawaunganisha, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Shirikisho lilinunua pamba, hata likawa na kiwanda cha kuichambua huko Kasamwa, Geita. Mwaka 1962 karani yule akawa Waziri wa Fedha. Aliyezijua ratili za mkulima ndiye aliyekabidhiwa hazina ya nchi.

Wapo watakaosema zama hizo zimepita. Msimu uliopita baba alipima pamba yake nyumbani kwa mizani ya kuazima, akapata kilo 412. Kituoni zikasomwa 389. Alipokea risiti akanyamaza, maana hakuwapo wa kumwulizia. Na kwa mchimbaji mdogo wa Geita, auzaye dhahabu kwa gramu, punje moja ikipotea ni chakula cha watoto.

Wala chama peke yake si dawa. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume kuvichunguza vyama vya ushirika, kwa kuwa wakulima walilalamikia vyama vyao wenyewe. Mizani isiyo na mlinzi huinama, hata ikiwa yetu.

Basi, ajuaye hesabu za Kidato cha Nne aweza kusoma mizani, kukagua daftari la chama na kumwandikia mzee barua ya malalamiko. Sisemi tuache masomo. Bomani naye alikwenda Uingereza kusomea ushirika, ila alirudi Mwanza kwa wakulima wake. Nisipochaguliwa Kidato cha Tano, nitaomba ukarani katika chama chetu cha msingi. Nikichaguliwa, msimu wa pamba ukiangukia likizo, nitasimama kituoni na daftari langu. Wazazi wetu wametulipia madaftari mengi. Moja liwe lao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne